Sura ya Tano: Usukani Unaozunguka Shingoni

Usukani wa baiskeli ukianza kuteleza, lawama huenda kwa mkono wa aliyekaza. Mwenye baiskeli anarudi kijiweni, fundi anashika spana na kuongeza nusu mzunguko, na baada ya siku chache usukani umeinama tena. Akirudi mara nyingine, spana inachomekewa bomba ili mkono upate nguvu zaidi. Akirudi tena, inawashwa mashine ya kuchomelea. Hoja ya sura hii ni kwamba msururu wote huo umejengwa juu ya dhana isiyo sahihi, kwamba kinachoushika usukani ni ukali wa kukaza. Kinachoushika ni msuguano kati ya chuma na chuma, na msuguano una masharti yake: nyuso zilizo kavu, vipimo vinavyolingana, na bolti ambayo nguvu yake inafika pale inapotakiwa badala ya kuishia njiani. Masharti hayo yakitimizwa, sukani nyingi zinazowasumbua watu Shinyanga, Kahama, Ushirombo na Katoro hutengenezeka kwa kitambaa, kipande cha msasa, grisi kidogo iliyopakwa mahali sahihi na, inapobidi, ukanda mwembamba wa bati. Yasipotimizwa, hata jitu haliwezi kuukaza usukani ukatulia.

Suala hili lina uzito wa pekee katika ukanda huu kwa sababu baiskeli hapa haikuja kama chombo cha michezo. Ilikuja na pamba. Wakulima wa Usukuma walipojenga vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani, fedha za mauzo zilifika vijijini moja kwa moja, na baiskeli ikawa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo kaya iliyouza vizuri ilivinunua. Nchi yenyewe iliisaidia: tambarare ndefu za Shinyanga, Maswa na Kishapu, ambako mtu anaweza kukanyaga pedeli saa nzima bila kukutana na kilima cha maana. Baadaye dhahabu ikaongeza kazi. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, wa Buzwagi mwaka 2009, na pembeni mwa migodi hiyo wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, Nyarugusu na kwingineko waliendelea kushuka kwenye maduara yao. Mbale, yaani mawe yenye dhahabu, lazima zitoke duarani zifike kwenye karasha la kusagia, maji lazima yafike mwaloni zinakooshwa, mkaa na chakula lazima vifike kambini. Pikipiki imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini haijaichukua yote. Na katika mji wa Shinyanga baiskeli ya kubeba abiria imepata kuitwa daladala, jina linaloonyesha ilikuwa ikifanya kazi ya nani.

Baiskeli iliyojenga sifa hiyo ilikuwa ya aina moja, na ndani yake kuna siri ambayo watu wengi wameisahau. Raleigh ya Uingereza, Hero na Avon za India, Phoenix ya China, zote zilifuata mtindo mmoja wa zamani: fremu nzito ya chuma, magurudumu makubwa, breki za vyuma virefu badala ya waya. Katika baiskeli za namna hiyo, kwa kawaida usukani na shingo ni kitu kimoja. Bomba la usukani limeunganishwa kiwandani na nguzo inayoshuka ndani ya uma, kwa moto na shaba, na hakuna bolti ya kuubana. Sababu yake iko kwenye breki: vyuma vya breki vinapita kwenye vishikio vilivyofungwa kwenye usukani, na usukani ukizunguka hata kidogo, breki nzima inapoteza mpangilio wake. Kwa hiyo vizazi kadhaa vya waendesha baiskeli wa Usukuma, na mafundi waliowahudumia, walikua bila kukutana na tatizo la usukani kuzunguka mbele na nyuma. Walijua tatizo jingine, la nguzo kulegea ndani ya uma hadi usukani unaelekea kushoto na gurudumu kulia, na dawa yake walikuwa nayo: nyoosha usukani, kaza bolti ndefu ya juu, basi.

Kisha zikaja baiskeli za breki za waya: zile za matairi mapana zenye gia, za watoto zenye usukani uliopanda juu, na za mitumba kutoka Japani na Ulaya. Hizi zina shingo inayojitegemea, na usukani unapita kwenye tundu lenye mwanya. Pande mbili za mwanya huo kuna vipande viwili vinavyovutwa na bolti. Nitaviita masikio ya shingo. Ukikaza, masikio yanasogeleana, tundu linapungua, usukani unabanwa. Ni mpango mzuri, kwa kuwa unampa mwenye baiskeli uhuru wa kuchagua pembe inayomfaa. Lakini ni mpango unaotegemea msuguano peke yake, na ujuzi uliorithiwa kutoka kwa baiskeli za zamani haukuwa na somo hilo. Fundi aliyezoea bolti ya nguzo, ambayo kweli hutii nguvu, aliihamishia tabia ile kwenye bolti ya masikio. Nadhani hapo ndipo kosa lilipoanzia, na simlaumu yeyote. Vipuri vilifika bila maelezo.

Msuguano ulichunguzwa kwa makini na Mfaransa Guillaume Amontons mwaka 1699, na alichokigundua bado ndicho kinachofundishwa: nguvu ya msuguano hufuata kiasi ambacho nyuso mbili zinakandamizana. Asili ya nyuso zenyewe nayo ina uzito. Basi fundi ana mambo mawili tu ya kufanyia kazi, mkandamizo na uso. Tuchukue hesabu ya makadirio. Bolti ya milimita 8 ikikazwa kwa uzito wa kilo 10 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 15, na nyuzi zake zikiwa nzima, huvuta masikio kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 900. Shingo ikiukumbatia usukani wa milimita 25.4 sawasawa pande zote, na nyuso zikiwa kavu, usukani huo unaweza kuhimili mzunguko unaolingana na zaidi ya kilo 100 zinazoning'inia sentimita 10 mbele ya shingo. Mwendeshaji anayeegemeza kilo 40 za mwili wake umbali huohuo hatausogeza. Sasa badilisha mambo mawili. Kutu kwenye nyuzi za bolti inapunguza mvuto kutoka kilo 900 hadi 600. Mafuta yaliyopenya kati ya usukani na shingo yanapunguza msuguano kufikia karibu nusu. Uwezo uliokuwa zaidi ya kilo 100 unashuka chini ya kilo 40, na usukani unainama mwenye baiskeli anapouegemea tu, kabla hajafika kwenye shimo lolote. Fundi amekaza kama alivyokaza jana, kwa spana ileile na mkono uleule.

Hesabu hiyo inaeleza jambo ambalo kwa macho linaonekana kujipinga: grisi ndiyo adui na grisi ndiyo dawa, kutegemea imepakwa wapi. Unapozungusha bolti, sehemu kubwa ya jasho lako haiendi kuvuta masikio. Kwa makadirio ya kawaida ya wahandisi, karibu nusu huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, sehemu nyingine kubwa huliwa na nyuzi, na kinachobaki kuvuta ni kama sehemu moja ya kumi. Bolti ikiwa na kutu au vumbi la barabara, hata hiyo moja ya kumi inaliwa. Mkono unasikia ugumu, akili inasema imekaza, kumbe kilichokazana ni kutu na kutu. Kwa hiyo nyuzi na sehemu ya chini ya kichwa cha bolti zisuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa grisi kidogo. Usukani wenyewe, pale unapobanwa, pamoja na sehemu ya ndani ya shingo, vipanguswe hadi vikauke kabisa, kwa kitambaa chenye petroli kidogo au kwa maji na sabuni ya unga, kisha vipitishwe msasa mwembamba kuvunja ule uso uliolainika. Kijiweni mara nyingi hufanyika kinyume: bolti inarudishwa na vumbi lake, na usukani unapakwa mafuta ili upite kwa urahisi kwenye tundu. Badiliko hili moja, la kuhamisha grisi kutoka kwenye usukani kwenda kwenye bolti, halina gharama yoyote, na kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu katika vijiwe vyote kutoka Shinyanga hadi Geita, ningebadilisha hilo.

Kulainika kwa uso kunastahili neno zaidi, kwa sababu ndiko kunakofanya tatizo likue lenyewe. Sukani nyingi za chuma zina mikwaruzo ya makusudi katikati, mithili ya meno madogo, ili shingo iume. Usukani ukishateleza mara ya kwanza, meno hayo yanasagika. Mara ya pili uso ni laini kidogo kuliko mara ya kwanza, na kadhalika, mpaka katikati ya usukani inang'aa. Anayeendelea kuendesha kwa kuurudisha usukani kwa mkono kila unapoinama anaung'arisha bila kujua. Ndiyo maana usukani ulioteleza leo ushughulikiwe leo, kabla haujahitaji kazi kubwa zaidi. Kwa usukani wa chuma uliokwisha kulainika, chembe ngumu zinasaidia: mafundi wa baiskeli za mashindano zenye sukani za kaboni hutumia dawa maalumu yenye chembe ndogo ngumu zinazouma pande zote mbili, na mchanga mwembamba uliochujwa, kidogo sana, unafanya kazi inayofanana kwenye chuma. Kwenye aluminiamu sishauri, kwa kuwa mkwaruzo mkali juu ya aluminiamu unaweza kuwa mwanzo wa ufa.

Hata hivyo, kuna usukani ambao umesafishwa, bolti yake mpya, nyuzi zina grisi, na bado unateleza. Hapa ndipo penye kiini cha jambo katika ukanda huu, kwa kuwa baiskeli nyingi zinazotembea hapa zimeunganishwa kwa vipuri vya asili tofauti. Vipimo vya sukani duniani havifanani. Za baiskeli za matairi mapana na nyingi za mjini ni milimita 25.4 pale zinapobanwa. Nyingi za mbio ni 26.0, za watoto zilizopanda juu ni 22.2, za kisasa zilizonenepa katikati ni 31.8. Jicho linaiona tofauti ya 22.2 na 25.4 bila shida. Tofauti ya 25.4 na 26.0 halioni, na hiyo ndiyo yenye hatari. Milimita 0.6 za kipenyo maana yake ni karibu milimita 2 za mzingo. Shingo ya 26.0 ikivishwa usukani wa 25.4, masikio lazima yasogeleane milimita 2 zaidi ya alivyokusudia aliyeitengeneza, na katika shingo nyingi mwanya hautoshi. Masikio yanagusana. Tangu hapo, kila nguvu unayoongeza kwenye spana inasukuma sikio dhidi ya sikio, na hakuna hata kilo moja inayofika kwenye usukani. Unaweza kukaza mpaka bolti ikatike. Hata pale masikio yanapoacha nafasi, tundu kubwa halikumbatii usukani mdogo pande zote. Linauma mahali pachache, na uwezo wa kushika unapungua.

Basi kitu cha kwanza cha kutazama, kabla hata ya kugusa spana, ni ule mwanya. Bolti ikiwa imekazwa, kuna nafasi kati ya masikio au hakuna? Kama ipo na iko sawa juu na chini, tatizo ni uso au bolti, na dawa nimeshaieleza. Kama haipo, tatizo ni kipimo, na kukaza hakutasaidia leo wala kesho. Uchunguzi huu hauhitaji kifaa chochote. Mtoto anaweza kuufanya kwa kuingiza ukucha. Inashangaza jinsi unavyofanywa mara chache.

Dawa ya kipimo iliyo bora ni shingo inayolingana na usukani. Isipopatikana, bati linajaza pengo, na kuna namna ya kulifanya vizuri. Ukuta wa kopo la soda la aluminiamu una unene wa takribani milimita 0.1, ukizungushwa mara moja unaongeza 0.2 kwenye kipenyo, na hizo hazitoshi kwa pengo la 0.6. Wengi hujibu kwa kuzungusha mara tatu, na hapo wanaingia kosa jingine, kwa kuwa tabaka linateleza juu ya tabaka, na badala ya uso mmoja wa kuhofia sasa wana minne. Bora bati moja nene zaidi, la kopo la rangi au la mafuta ya kupikia, lenye unene wa kati ya milimita 0.2 na 0.3, lililokwanguliwa rangi yote na kuoshwa. Likatwe upana uleule wa shingo, na urefu upungue kidogo kuliko mzingo wa usukani, ili ncha zisipandane. Mwanya wa bati uelekezwe kwenye mwanya wa shingo, ili vyote vifunge kwa pamoja. Bati lililopandana ncha linafanya uvimbe upande mmoja, shingo inauma uvimbe peke yake, na baada ya wiki tunarudi tulipoanza. Mafundi wengine hutumia ukanda wa mpira wa tyubu. Mpira hautoshi kazi hii: unashika vizuri siku ya kwanza, kisha unabonyea chini ya mkandamizo, bolti inalegea bila kuguswa, na jua la mchana huharakisha uchakavu wake.

Kulegea kwa bolti bila kuguswa si uchawi wala si uongo wa mwenye baiskeli. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba bolti ikitikiswa kwa ubavu, nyuzi zake hupoteza mshiko kwa vipindi vifupi sana na bolti hujizungusha kurudi nyuma yenyewe. Barabara ya changarawe iliyojikunja mawimbi, kama zilivyo nyingi zinazoacha lami kuelekea machimboni, ni mashine ya kutikisa isiyozimwa. Junker alionyesha pia kinachozuia: mvuto wa kutosha ndani ya bolti kiasi kwamba vipande vilivyobanwa visisogee kabisa. Kwa hiyo bolti yenye grisi iliyokazwa kwa kiasi chake inalegea kwa shida zaidi kuliko bolti yenye kutu iliyokazwa kwa hasira, jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka walijaribu. Mtu anayefanya safari za kila siku kwenye barabara hizo na apitishe spana kwenye bolti zake mara moja kwa wiki. Haichukui dakika mbili.

Hoja ya kuchomelea ndiyo nzito kuliko zote zinazoweza kutolewa dhidi yangu, nayo haistahili kudharauliwa. Mwenye kuitetea atasema: babu zetu waliendesha baiskeli ambazo usukani na shingo vilikuwa kitu kimoja, na wewe mwenyewe umeueleza mpango huo; kwa nini basi fundi wa kuchomelea asiurudishe? Tofauti iko kwenye namna ya kuunganisha. Kiwandani, bomba na shingo ya baiskeli ya zamani viliunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa na kupenya katikati yao, kwenye joto lililo chini ya lile linaloyeyusha chuma, na bomba lilichaguliwa kwa kazi hiyo. Mashine ya umeme ya pembeni mwa barabara inayeyusha chuma chenyewe. Bomba la usukani lina ukuta mwembamba. Moto mkali unaubadilisha tabia ukingoni mwa weldi, na ukingo huo uko pale hasa ambapo usukani unapinda zaidi kila mwendeshaji anapouvuta na kuusukuma. Ufa huanza ndani, chini ya rangi au kromu, hauonekani, unakua safari kwa safari, na siku ukimaliza, nusu ya usukani inabaki mkononi. Usukani unaoteleza humwonya mwenye baiskeli kwa siku nyingi kabla haujamdhuru. Usukani uliochomelewa vibaya mara nyingi hauna onyo. Tena kromu ikichomwa bila kukwanguliwa hutoa moshi wenye sumu kwa fundi mwenyewe, na kama usukani au shingo ni aluminiamu, mashine hiyo haiwezi kuishika. Inabandika tu kitu kinachofanana na weldi. Nakubali kwamba wako mafundi wenye mkono wa kuweza kuunganisha kwa shaba kama viwandani. Hao nawaheshimu, na kazi yao ni tofauti na ile ninayoipinga.

Upande wa pili kuna kosa la kukaza kupita kiasi, ambalo nalo hutetewa kwa usemi kwamba baiskeli ya kazi haihitaji hesabu za maabara. Bomba likichomekwa kwenye spana, urefu unaongezeka maradufu au zaidi, na mkono uleule sasa unazalisha nguvu maradufu. Shingo za chuma za zamani zilivumilia. Za aluminiamu hazivumilii: sikio linapinda, nyuzi zinakatika, au shingo inafanya ufa nyuma, mahali mwendeshaji hawezi kuuona akiwa amekaa. Spana ya urefu wa kawaida, mkono mmoja, bila kuruka wala kuning'inia, inatosha kwa bolti ya milimita 8. Kwa bolti ya milimita 5 au 6 yenye tundu la pembe sita, ile ya kufungua kwa spana ya L, punguza zaidi. Spana hiyo ilifanywa fupi kwa makusudi ili mkono usizidishe.

Uzito wa jambo unaonekana vizuri wakati wa kufunga breki. Mwendeshaji mwenye abiria nyuma, au mwenye madumu mawili ya lita 20 kwenye keria, akibana breki ghafla kwa sababu ya mbuzi barabarani, mwili wake wote unasukumwa mbele na mikono ndiyo inayopokea. Hapo usukani unabeba zaidi ya kilo zile 40 za hesabu yangu, na hapohapo vishikio vya breki, ambavyo vimefungwa kwenye usukani huo, vinatakiwa vikae mahali pake. Usukani ukizunguka kwenda chini, mikono inashuka nao, vishikio vinakimbia vidole, na kifua kinaelekea mbele ya gurudumu. Hatari imejificha katika kitu ambacho siku zote kinaonekana kero ndogo. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kinataka usukani na shingo vijaribiwe vikiwa pamoja, kwa sababu hiyohiyo: kila kimoja chaweza kuwa kizima, na muunganiko wao ukawa mbovu.

Nguzo ya shingo ndani ya uma nayo ina sheria yake, nitaipitia kwa haraka. Nguzo nyingi ni milimita 22.2, lakini baadhi ya baiskeli za watoto zina 21.15, na nguzo nyembamba ndani ya uma mpana itashikwa na kabari yake ya chini peke yake, ikicheza juu. Nguzo ina alama iliyochongwa ubavuni inayoonyesha isivutwe juu kupita hapo. Kanuni za usalama za Marekani zinataka alama hiyo iwe juu ya ncha ya chini kwa angalau mara mbili na nusu ya kipenyo cha nguzo, yaani kama sentimita 5 na nusu zibaki ndani. Watu warefu huivuta nguzo wapate nafasi ya magoti, na alama inaonekana nje. Ikionekana, ishushwe. Na hapa grisi inaruhusiwa, tena inahitajika, kwa sababu nguzo kavu ikishikana kwa kutu na uma haitoki tena.

Atakayesema kwamba zama za baiskeli zimepita, kwamba kijana wa Katoro leo anataka pikipiki, anasema nusu ya kweli. Anayenunua pikipiki ananunua pia mafuta ya kila siku, na mkulima wa Kishapu anayepeleka mahindi kusagwa, mwanafunzi wa sekondari ambaye shule yake iko mbali, mchenjuaji anayehitaji madumu manne ya maji kabla jua halijawa kali, hawana sababu ya kulipa hayo. Ukosefu wa vifaa nao hutajwa kama kizuizi, na kwa mambo mengine ya baiskeli ni kizuizi cha kweli. Kwa hili sivyo. Brashi ya waya, msasa, mkasi wa bati, spana ya kawaida na spana za L hupatikana katika duka lolote la vifaa Kahama. Kifaa pekee ambacho mafundi wengi hawana na wangepaswa kuwa nacho ni kile cha kupimia kipenyo, na hata hicho kina mbadala: kamba nyembamba ikizungushwa kwenye usukani mara 10 na kupimwa kwa rula, urefu ukagawanywa kwa 31.4, inatoa kipenyo kwa usahihi wa kutosha kutenganisha 25.4 na 26.0, mradi unene wa kamba uondolewe kwenye jibu.

Anayeweza kufanya mengi zaidi kwa gharama ndogo ni mwenye duka la vipuri. Shingo huletwa zikiwa zimechanganywa kwenye boksi moja na kuuzwa kwa kukadiria, ilhali nyingi zimechorwa kipimo chake chini au ndani ya tundu. Kuzitenga kwa kipimo na kuandika namba kwenye boksi ni kazi ya alasiri moja. Shirika la Viwango Tanzania nalo lingewasaidia wananchi wa ukanda huu likidai kipimo kiandikwe wazi kwenye kila shingo na kila usukani unaoingia nchini. Mpaka hapo, anayekwenda kununua shingo Shinyanga mjini, Kahama au Katoro aubebe usukani wake hadi dukani, auvishe palepale, akaze bolti kwa mkono na kutazama mwanya. Masikio yakigusana kabla usukani haujashikwa, airudishe hiyo shingo na adai nyingine.